Mvua ya Mpwapwa, msafiri wa Maganzo

Asubuhi ya Januari pale Maganzo inaweza kuwa kavu kabisa. Vumbi la barabara ya Shinyanga–Mwanza limetulia juu ya mabati, jua limeshaanza kuuma, na mama anayepeleka magunia mawili ya mchele Dar es Salaam haoni cha kuhofia. Anapanda gari hadi Shinyanga mjini, analipa mkokoteni wa kumfikisha stesheni, anashusha mizigo. Hapo ndipo anapoambiwa njia imekatika. Wapi? Huko mbele. Mpaka lini? Haijajulikana.

"Huko mbele", mara nyingi, ni Kilosa. Kati ya stesheni za Kilosa na Gulwe kuna kipande cha takriban kilometa 80 ambacho kimewatesa wasafiri wa reli ya kati kuliko kingine chochote. Wajerumani walioanza kuijenga reli hiyo mwaka 1905 walihitaji mahali pa kupenya milima ya Usagara, na njia rahisi ilikuwa bonde la mto. Basi reli ikalazwa ubavuni mwa mto Mkondoa, ikapanda nao kupitia Kidete na Godegode. Ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaongeza tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, likakamilika mwaka 1928, na ndilo linalopita Shinyanga. Kwa hiyo abiria wa Usukumani anayekwenda pwani hana budi kupita kwenye bonde lile lile.

Maji yanayolijaza bonde hilo hayatoki hapo. Yanatoka juu, Dodoma na vilima vya Mpwapwa, yakiletwa na mto Kinyasungwe. Huko ardhi ni kame na mimea ni michache, hivyo mvua kubwa ikipiga kwa saa chache inakokota mchanga mwingi sana. Mchanga unatua kwenye kitanda cha mto, kitanda kinapanda mwaka hadi mwaka, na mto unatafuta pengine pa kupita. Pengine penyewe ni kwenye tuta la reli.

Ukitazama kwa karibu, reli haikatiki kama kamba. Maji yanakula udongo wa tuta kutoka chini, kokoto zinaporomoka, na reli mbili zinabaki zikining'inia na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa hewani. Mafundi wanalazimika kusubiri maji yapungue, walete mawe kwa treni ya kazi, wayafunge ndani ya nyavu za waya, wajaze tuta, washindilie, ndipo wapitishe kichwa cha treni polepole kupima uimara wake. Ni kazi ya siku kadhaa mambo yakiwa mepesi. Katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 hayakuwa mepesi: eneo la Kilosa liliharibika vibaya na treni za abiria zikashindwa kupita hapo kwa miezi. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 nazo ziliivuruga reli ya kati.

Watu wa Maganzo hawahitaji kuelezwa maana ya tuta kupasuka. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka jirani yao, tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya Ng'wang'holo na Nyenze. Wanaelewa kwamba maji yakishapata ufa, binadamu hana la kufanya ila kukaa kando. Hakuna abiria mwenye akili timamu anayetaka treni ilazimishwe kupita juu ya tuta lililolika.

Lakini ukimya wa shirika la reli ni jambo jingine. Mvua haimzuii mtu kusema.

Ugumu wa msafiri wa kanda ya ziwa ni kwamba anga lake halimwambii kitu kuhusu safari yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiweka Shinyanga pamoja na mikoa inayopata vuli na masika, ilhali Dodoma iko kwenye mvua za msimu, zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Januari, wakati mkulima wa Kishapu mkoani Shinyanga anaweza kuwa analilia mvua ipumzike au irudi, Mpwapwa iko katikati ya msimu wake. Kalenda mbili, reli moja. Mamlaka hiyo hiyo hutoa tahadhari za siku tano zinazotaja mikoa kwa majina. Tahadhari ikitaja Dodoma na Morogoro, stesheni za Shinyanga, Malampaka na Mwanza zingepaswa kuibandika mlangoni siku hiyo hiyo, kwa maandishi makubwa, kwa sababu ndiyo habari ya njia yao.

Shirika la Reli Tanzania hutoa taarifa kwa umma linaposimamisha safari, na hilo ni jema. Taarifa hizo huenea haraka kwenye mitandao ya kijamii. Lakini mama wa magunia mawili ana simu ya kitochi, isiyofungua mitandao hiyo. Hata hivyo tiketi inayokatwa kwa mtandao huacha namba ya simu, na anayekata dirishani anaweza kuulizwa namba yake kwa nusu dakika. Ujumbe mfupi unafika hata kwenye simu ya elfu ishirini. Mitandao ya simu huwakumbusha watu salio lao kila siku. Haiwezi kuwa vigumu kumwambia abiria kwamba treni yake haipo.

Wakati huo huo watu wamejifunza kujitunza, na maarifa yao ni mazuri kuliko yanavyosifiwa. Msukuma mzoefu wa treni hafungi safari bila matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikakauka. Hayachachi, hayahitaji moto, na kipande kimoja kinakaa mdomoni kwa muda mrefu. Michembe, yaani viazi vilivyokaushwa vikiwa vibichi, ni ya nyumbani, maana inataka kupikwa. Mzoefu hubeba maji ya kutosha siku moja zaidi ya safari, na mwenye dozi hubeba vidonge vya siku tatu za ziada. Anajua pia kwamba kukwama stesheni ya Saranda, ambako wauza chakula wamezoea abiria, ni afadhali mara kumi kuliko kukwama porini.

Hayo ni ya msafiri. Mengine si yake. Akifaulishwa kwa basi kutoka Dodoma hadi Morogoro, nani anabeba magunia, na kwa gharama ya nani? Akiamua kurudi Maganzo, nauli yake inarudishwa dirisha gani, siku hiyo hiyo au baada ya barua? Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na reli imo mikononi mwake. Majibu ya maswali hayo yangetosha kwenye karatasi moja ya Kiswahili chepesi ubavuni mwa dirisha la tiketi.

Ulaya wamelijadili hili kwa undani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2023 inaliondolea shirika la reli wajibu wa kulipa fidia ya ucheleweshaji ikiwa chanzo ni hali ya hewa iliyopita kiasi. Haikuliondolea wajibu wa kumpa abiria habari, wala wa kumtafutia chakula au mahali pa kulala pale inapowezekana. Tofauti hiyo ni ya busara na haihitaji utajiri wa Ulaya kuelewa. Chai na mkate kwa watoto waliolala sakafuni stesheni si bajeti ya kulitikisa taifa.

Wapo watakaosema tusubiri reli ya kisasa. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilizinduliwa rasmi Agosti 2024, na upande wa Kilosa wajenzi waliamua kutoboa mahandaki milimani badala ya kuufuata mto kama Wajerumani. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, kiliwekewa jiwe la msingi Fela Juni 2021. Ni habari njema kwa Shinyanga. Reli ya zamani nayo imepata fedha: mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 za mradi uliohusisha kuikarabati kutoka Dar es Salaam hadi Isaka. Lakini reli mpya ya Usukumani nayo inakanyaga udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Siku za kuchelewa zitakuwepo, na tabia ya kunyamaza inaweza kuhamia kwenye mabehewa mapya bila kukata tiketi.

Ujumbe wenyewe hauzidi mistari miwili: "Njia imekatika kati ya Godegode na Gulwe. Treni ya leo haitaondoka Shinyanga. Taarifa nyingine kesho saa 4 asubuhi. Nauli inarudishwa dirishani." Ukitumwa alfajiri, unamkuta mama wa Maganzo bado anashona mdomo wa gunia la pili.