Barua za Afisi Zisilale Ugenini

Mpango wa bandari jumuishi ya Mangapwani umekwishajulikana na kila mtu Unguja na Pemba. Watu wamezungumza juu ya magati, makontena, mafuta na fidia za mashamba, na ni haki yao kuzungumza. Sisi leo tunapenda kutaja jambo ambalo aghalabu halitajwi mikutanoni, nalo ni barua. Bandari haijengwi kwa mawe na saruji peke yake. Ziko barua za zabuni, barua za vipimo vya ardhi, barua zenye hesabu za benki za wanaostahili kulipwa, na barua zenye majina ya warithi wa minazi na miembe. Siku hizi barua hizo hazichukuliwi na tarishi mwenye baiskeli. Zinakwenda kwa barua pepe.

Hebu tuifuate moja. Tuseme afisa aliyeko Vuga anamwandikia mwenzake wa Wilaya ya Kaskazini 'B'. Kati yao ni safari ya daladala. Lakini ikiwa wote wawili wanatumia anwani za bure za Gmail au Yahoo, kama zile tunazoziona zimechapishwa kwenye vichwa vya barua na hata kuchongwa katika mihuri ya afisi, basi barua hiyo huvuka bahari, ikalazwa katika mashine za ng'ambo, ndipo irudi kwa jirani. Nakala yake hubaki kule kule. Funguo za nyumba iliyolazwa si zetu, na sheria inayoitawala nyumba hiyo haikutungwa na Baraza la Wawakilishi wala na Bunge.

Wazee wa Shangani hawatashangazwa na habari hii, kwani Zanzibar ilikuwa njia panda ya habari tangu zamani. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ilitandika waya wa simu chini ya bahari kutoka Aden hadi hapa Unguja. Mwaka 1890 ukatandikwa mwingine kutoka hapa kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam. Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika waliutumia kwa shukrani, kwa sababu ulikuwa wa haraka na hawakuwa na wa kwao. Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914 shukrani hiyo iliwatokea puani. Ncha ya waya ilikuwa mikononi mwa adui, na kilichobakia ni kituo chao cha simu ya upepo cha Dar es Salaam, ambacho manowari ya Kiingereza Astraea ilikiendea kwa mizinga tarehe 8 Agosti mwaka huo huo. Hatuwasikitikii wakoloni hao. Tunataja kisa chao kwa kuwa mtu anaweza kuwa na bendera, jeshi na gavana, na bado barua zake zikawa hisani ya mwingine.

Je, mashine za leo ni tofauti? Juni 2013 nyaraka alizozitoa Edward Snowden zilionyesha jinsi idara ya ujasusi ya Marekani ilivyokuwa ikipata mawasiliano ya watu kupitia makampuni makubwa, zikiwemo Microsoft, Yahoo na Google. Sheria ya nchi ile inaruhusu kampuni iamrishwe kutoa barua za mgeni aliye nje ya Marekani, na sheria ya mwaka 2018 ikaongeza kwamba amri inaifuata kampuni hata kama mashine zake ziko nchi nyingine. Tena si dola tu inayopenda kusoma. Hadi mwaka 2017 Google ilitangaza kwamba itaacha kuzipitisha barua za Gmail katika mashine ya kulenga matangazo ya biashara. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo ilikuwa ikizipitisha. Na wezi nao wapo. Yahoo ilivunjwa mwaka 2013, na ilipofika mwaka 2017 ikakiri kwamba waliodhurika ni wateja wote, akaunti bilioni 3. Rahisi huwa ghali.

Wako watakaosema kwamba mtu asiye na kosa hana la kuficha. Hoja hii tumeisikia mara nyingi na tunaikataa. Katika visiwa hivi mtu hapigi hatua moja ndani ya ukumbi wa jirani yake bila ya hodi, na akinyamaziwa mara tatu hurudi zake. Qur'ani Tukufu imekataza kupelelezana katika Surat Hujurat, na adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu tumeisoma chuoni tungali wadogo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 na Katiba ya Jamhuri ya Muungano zote mbili zinamhifadhi mtu pamoja na mawasiliano yake ya binafsi. Mama anayemwandikia mwanawe aliyeko Muscat juu ya maradhi ya baba hana kosa lolote, na bado hapendi barua ile isomwe barazani.

Lakini watu wa Mangapwani wanaijua siri ya namna nyingine. Pale kijijini kwao kipo chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe, paa lake likiwa karibu sawa na ardhi, walimofichwa watumwa baada ya mkataba wa mwaka 1873 kulipiga marufuku soko lao na kuwasafirisha kwa bahari. Chumba kile nacho kilikuwa cha faragha. Kwa hiyo hatuisifu siri kwa kuwa ni siri. Twauliza ni ya nani, na inamkinga nani na nani. Faragha ya mwananchi ni haki yake. Barua ya afisi ni mali ya umma, haina budi kuhifadhiwa, kukaguliwa na kurithiwa na afisa ajaye. Bibi Hillary Clinton alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kati ya mwaka 2009 na 2013, alitumia seva yake ya binafsi iliyokuwa nyumbani kwake New York kwa kazi za Serikali. Jambo hilo lilipofichuka Machi 2015 lilimwandama hadi siku ya uchaguzi. Mtumishi wetu anayepokea zabuni kwa anwani yake ya bure, akastaafu nayo, amefanya jambo la aina hiyo hiyo, ila hakuna gazeti lililomwandika.

Sasa tufanye nini? Kwa mwananchi wa kawaida anayetaka usiri, zipo huduma zilizotengenezwa kwa kusudi hilo. Proton ya Uswisi ilianza mwaka 2014, na Tuta ya Ujerumani ilitangulia mwaka 2011. Hizi huzifunga barua kwa fumbo ambalo hata mwenye huduma hana ufunguo wake. Hata hivyo mtu asijidanganye. Ukiwa Proton na unayemwandikia yuko Gmail, basi barua ile ile iko Gmail pia, isipokuwa mmefungiana fumbo nyote wawili. Kichwa cha barua katika Proton hakifungwi kwa fumbo hilo, kwa hiyo usiandike siri kwenye kichwa. Na mwaka 2021 Proton ililazimishwa na amri ya Uswisi kurekodi anwani ya mtandao ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa, ingawa yaliyomo katika barua zake hayakutolewa. Huduma njema hupunguza wenye kuona; haiwamalizi.

Hatua inayofuata, na ambayo tungependa kila jumuiya ya ushirika, skuli na mfanyabiashara wa Darajani aichukue, ni kuwa na jina lake mwenyewe la mtandao chini ya .tz, na kupangisha seva kwa mtoaji huduma anayemwamini. Faida yake ni kubwa kuliko gharama. Siku mtoaji huduma akiharibu, unahama na jina lako, na wateja wako hawajui hata kama umehama. Mwenye anwani ya bure hahami. Akihama ameipoteza anwani.

Iko pia njia ya kujitegemea kabisa: kuwa na seva yako ndani ya nyumba yako. Programu zake, kama Postfix na Dovecot, hazina bei na kila mtu anaweza kuzikagua. Vijana wetu wanaosoma kompyuta wanaziweza. Lakini kujitegemea ni kazi, na anayeihubiri bila ya kuitaja kazi yake anawapotosha watu. Seva hutaka anwani ya kudumu ya mtandao, na watoaji huduma wengi huufunga mlango nambari 25 kwa wateja wa majumbani. Hutaka alama tatu za uthibitisho, SPF, DKIM na DMARC, ambazo bila ya hizo Gmail na wenzake huzitupa barua zako jaani pamoja na za matapeli. Hutaka mtu wa kuziba nyufa kila zinapogunduliwa, hata siku ya Sikukuu, na nakala ya akiba iliyokaa jengo jingine.

Zaidi ya yote hutaka umeme. Hatujasahau mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima, wala kiza cha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya majenereta na maji ya ndoo. Waya mpya wa megawati 100 uliotandikwa kutoka Bara mwaka 2013 umepunguza hofu, lakini mwenye akili haweki seva bila ya betri. Kwa hiyo hatumshauri mtu mmoja mmoja ajitwishe mzigo huu, isipokuwa anaupenda na hana barua ya haraka.

Kwa Serikali hesabu ni nyingine kabisa. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwetu, na Tanzania nzima ikaonja intaneti ya kuchechemea. Siku kama hizo afisi mbili za Unguja zenye seva yao hapa hapa kisiwani zinaendelea kuandikiana, huku zile zinazotegemea mashine za ng'ambo zikitazamana. Bara, Mamlaka ya Serikali Mtandao imekwishatengeneza mfumo wa barua pepe za Serikali uitwao GMS. Hapa kwetu tunayo eGAZ, na anwani za go.tz zipo. Kilichobaki ni wakuu wa afisi kuzitumia wao wenyewe kwanza, ndipo wawaamrishe walio chini yao, na kuweka uthibitisho wa hatua mbili. Machi 2016 mwenyekiti wa kampeni ya huyo huyo Bibi Clinton alipoteza barua zake zote kwa kubofya ilani ya uongo iliyojifanya ya Google.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihusu Zanzibar katika mambo ya Muungano tu. Ardhi ya Mangapwani si jambo la Muungano. Orodha ya wanaolipwa fidia inategemea basi kanuni zetu wenyewe, na wawakilishi wetu wanayo nafasi ya kuuliza orodha hizo zinalala wapi. Na sheha anayetakiwa kuipeleka orodha hiyo wilayani leo jioni apewe anwani ya Serikali, chombo cha kuisomea na mtu wa kumfundisha, kabla hajalaumiwa kwa kutumia ile ya bure aliyofunguliwa na mjukuu wake.