Kesi za mashamba Masisi na Walikale: ushahidi uko mikononi mwa nani?

Huko Masisi, kesi nyingi za mashamba zinakutanisha watu wawili: mlimaji anayesema babu zake walilima pale, na mwenye konsesio anayeleta sertifika. Mbele ya hakimu, karatasi inashinda mdomo.

Ni sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 iliyopanga hivyo. Kwa kifungu cha 227, sertifika ikimaliza miaka 2, haki yake haipingwi tena. Aliyeonewa anabakia na njia ya kudai malipo tu.

Lakini sheria ile ile inataka uchunguzi ufanywe kabla ya konsesio ya shamba la kijijini kutolewa: kuonyesha mipaka, kuhesabu watu wanaokaa pale, kusikiliza wenye kupinga. Yote inaandikwa. Kama dosie inasema shamba lilikuwa tupu wakati watu walikuwa wanakaa pale, hapo ndipo mlimaji ana nguvu. Shida ni kwamba dosie hiyo haina yeye. Iko katika ofisi ya Serikali, ao kwa yule anayeshitakiana naye.

Ndiyo maana awoka anapaswa kuomba hakimu mapema atoe amri: dosie iletwe, na shefu pamoja na wazee wa kijiji waitwe kutoa ushahidi chini ya kiapo. Asipoomba, hakimu atakata kesi kwa kufuata kile kilicho mezani.

Vita imeongeza kizuizi kingine. M23 iliteka Masisi-centre mwanzo wa Januari 2025, kisha Goma mwisho wa mwezi ule, na kazi ya mahakama za Serikali mjini humo ikasimama. Mwezi wa Machi iliingia Walikale-centre, mbele ya kuondoka Aprili. Wazee wengi wanaojua mipaka walikimbia. Barua ya kuita shahidi itapelekwa wapi, kama kijiji kimebakia bila watu?

Katiba, kifungu cha 34, inalinda pia mali iliyopatikana kwa desturi. Lakini desturi inahitaji mtu wa kuishuhudia. Jamaa zilizo kwenye kambi zinaweza kuanza sasa: kuandika majina ya wazee, mito na miti ya mpaka, na kuchunga kopi za karatasi za shefu. Mzee akifa na maneno yake hayajaandikwa, hakuna hakimu atakayeweza kumuita.