Wimbo wa Mateka



Huku kwetu Nyamwage twasikia mara nyingi maneno haya: "Sisi tu wachache, kinanda hatuna, tutaimbaje?" Mwezi huu twataka kuwajibu wasemao hivyo kwa habari ya mateka mmoja.

Olivier Messiaen alikuwa Mfaransa, Mkatoliki, mpiga kinanda wa kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Paris. Mwaka 1940, katika Vita Kuu ya Pili, alitekwa na Wadachi pamoja na maelfu ya askari, akapelekwa kambi ya Görlitz. Huko waliona njaa na baridi kali, wakahesabu siku zisizokwisha.

Kambini walikuwapo wanamuziki watatu: Jean Le Boulaire, mpiga fidla; Étienne Pasquier, mpiga selo, ndiyo fidla kubwa yenye sauti nzito; na Henri Akoka, mpuliza klarineti. Vyombo hivyo ni mara chache kupigwa pamoja na piano, lakini ndivyo vilivyopatikana. Mdachi mmoja, jina lake Brüll, akampa Messiaen karatasi na kalamu. Basi akatunga muziki wa vyombo vinne, wenye sehemu nane, mbili akizitoa katika kazi zake za zamani. Aliutegemeza juu ya sura ya 10 ya Ufunuo, ambamo malaika aapa kwamba wakati utakoma. Saba, alisema, ni hesabu ya siku za uumbaji pamoja na pumziko la Mungu. Ya nane ni uzima wa milele.

Tarehe 15 Januari 1941 waliupiga bandani, nje theluji, piano yenyewe mbovu, mbele ya mamia ya mateka na walinzi wao. Akoka alikuwa Myahudi, wala imani ya Messiaen haikuwa yake. Hata hivyo alipuliza sehemu yake pamoja na wenziwe. Messiaen alinena baadaye kwamba hajapata kusikilizwa kwa makini namna ile.

Ndugu, hatusemi kwamba kifungo ni chema, wala muziki ule haukuwashibisha wenye njaa. Lakini kwa saa ile mateka na mlinzi walisikiliza neno moja, kwamba hesabu ya siku za taabu ina mwisho kwa Mungu. Je, sisi tusio na pingu tungoje nini? Wazazi, imbeni na watoto wenu jioni. Nanyi waimbaji wetu, Jumapili njoni, hata mkiwa watatu.