Mazoea Yasifanywe Sheria

Mazoea yana taabu, walinena wahenga. Mwaka 2019, nambari za simu za mkononi zinazoanza na 010 na 011 zilipoanza kutolewa nchini, mwanafunzi wangu mmoja alinijia amekunja uso. Alikuwa akiomba kazi, na kompyuta ya kampuni moja ilikuwa imeikataa nambari yake kwamba si sahihi. Niliipiga papo hapo, ikalia mfukoni mwake. Kosa lake lilikuwa moja tu: haikuanza na 07.

Kisa hiki si kigeni. Marekani ilipoweka mpango wake wa nambari mwaka 1947, kila eneo lilipewa msimbo wa tarakimu tatu, na tarakimu ya katikati ikawa ama 0 au 1. Kwa alama hiyo mitambo ilitambua simu ya mbali. Lakini faksi na simu za mkononi zilipozidi, misimbo ya aina hiyo ilikwisha. Januari 1995 ikazuka misimbo miwili ya sura mpya: 334 huko Alabama na 360 katika jimbo la Washington.

Mitambo ya kampuni za simu ilikuwa imetayarishwa. Swichibodi nyingi za maofisini hazikuwa. Zilifundishwa kwamba msimbo usio na 0 wala 1 katikati haupo duniani, nazo zikaikata simu kabla haijatoka nje ya jengo. Mteja aliyepiga Montgomery kutoka ofisi ya aina hiyo hakumpata mfanyabiashara aliyemtafuta. Na mfanyabiashara huyo hakujua kamwe kwamba ametafutwa. Hapo ndipo penye hasara: aliyezembea ni mmoja, anayeumia ni mwingine.

Sisi walimu wa lugha tunaujua ugonjwa huu. Mgeni akisikia mtu, mtoto na mwalimu, huamua kwamba jina la kila binadamu huanza kwa m-. Akikutana na kiongozi, hulishuku neno badala ya kuishuku kanuni yake. Swichibodi zile nazo ziliyachukua mazoea ya miaka mingi zikayafanya sheria.

Dawa yake si ngumu. Aghalabu mabadiliko ya misimbo hutangazwa mapema, na huwekwa kipindi ambacho nambari ya zamani na mpya zote hufanya kazi. Kipindi hicho si cha kulala. Mwenye ofisi na aorodheshe kila chombo kinachotunza au kupiga nambari: swichibodi, faksi, king'ora cha wezi, fomu za kompyuta. Amwite fundi aulize: je, chombo hiki kitaikubali nambari ambayo hakijapata kuiona? Kingine huhitaji kupangwa upya tu. Kingine, kikuukuu, hakina budi kubadilishwa. Kisha apige simu ya majaribio kutoka kila meza, asingoje mteja amfanyie majaribio hayo.

Nanyi wanafunzi mnaosomea kompyuta, kesho ninyi ndio mtakaoziandika kanuni hizo. Kabla ya kuandika "nambari si sahihi", jiulizeni: je, si sahihi, au hamjaizoea tu? Mwanafunzi wangu angali anangoja jibu hilo kutoka kwa kampuni ile.