Betta Hahitaji Marafiki, Ni Sisi Tunaotaka Video

Kila wiki kuna mtu ananiuliza: betta anaweza kuishi na samaki wengine? Leo najibu, lakini kwanza nikiri kosa.

Mwaka jana, nilipoacha chuo na kuanza kutafuta riziki kwa simu, nilipiga video nikimtia betta wangu wa bluu pamoja na gapi watano. Tangi la lita 15, hapa kwa keja. Muuzaji aliniambia, "Weka tu, watazoeana." Video ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Kile hamkuona ni asubuhi yake: gapi wawili wanaelea, mikia imeliwa. Wiki ikiisha, betta alikuwa amebaki peke yake. Sikuwaambia. Nilipiga video nyingine.

Betta dume hulinda eneo lake. Huko Thailand anakotoka, watu walimfuga kwa vizazi vingi ili apigane, ndiyo maana tunamwita faita. Gapi dume akija na mkia mpana wa rangi, betta anaona mpinzani. Kwenye mashamba ya mpunga, anayeshindwa hukimbia. Kwa lita 15, atakimbilia wapi?

Sisemi haiwezekani. Ukiwa na lita 40 kwenda juu, mimea mingi ya kujificha, tetra wa neoni sita au zaidi, ama wale kambare wadogo wa koridora wanaokaa chini, unaweza kujaribu. Maji yawe nyuzi 25 hivi, na Nairobi mwezi wa Julai hufiki hapo bila hita. Samaki wa dhahabu hapana, yeye anapenda maji baridi. Betta madume wawili, kamwe. Na uwe na tangi la pili pembeni, kwa sababu kila betta ana tabia yake.

Kama huna pesa ya hayo yote, mweke peke yake kwa lita 20 na hita. Hatakuwa mpweke. Upweke ni wetu sisi, tunambandikia tu.

Najua mtaniambia, "Si ni samaki tu? Si jana ulikula omena?" Kweli nilikula, na ugali. Lakini ile omena ilinishibisha. Wale gapi walikufa ndio mimi nipate likes. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na ya pili inanisumbua hadi leo.

Ile video nimeifuta asubuhi hii. Ilikuwa bado inaniletea wafuasi, kwa hivyo msidhani imekuwa rahisi. Lakini kuna msee mahali alikuwa anaitazama akiwa ameshika mfuko wa gapi mkononi, na mimi ndiye nilikuwa namwambia aweke tu.