Mama Mnene, Mtoto Mwembamba



Siku ya kupima watoto kwenye dispanseri, mama mwenye mwili mkubwa akiweka mtoto mdogo kwenye mzani, wenzake kwenye benchi wananong'ona: « Huyu anakula sehemu ya mtoto wake. » Mwezi unaofuata harudi. Haya imemshika. Na mtoto wake ndiye tuliyetaka kumwona!

Maneno yale si ya kweli. Chungu kimoja kinaweza kumnenepesha mama na kumdhoofisha mtoto. Angalieni nyumba zetu baada ya tarehe 20: bukari ipo, sombe ipo, lakini samaki na maharagi hakuna. Ndakala kidogo zikipatikana, mama anamwachia baba na watoto wakubwa, yeye anajaza tumbo kwa bukari na chai ya sukari. Mshahara ukifika, anakula kwa kulipiza. Kilo zinapanda, hata kama damu yake inapunguka. Mtoto wa mwaka mmoja, tumbo lake ni dogo: uji mwepesi wa unga mtupu unamshibisha bila kumjenga. Anaacha kurefuka. Katika inchi yetu, uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 katika 100, wenye umri chini ya miaka 5, ni wafupi kuliko umri wao.

Msifikiri ni mambo ya Katanga tu. Marekani, ambako maduka yanajaa, kuna jamaa zenye asili ya Mexico na inchi nyingine za Kispanyola. Mwaka 2023, karibu nyumba zao 22 katika 100 hazikuwa na hakika ya chakula. Waganga wa kule wameona kwamba wanawake wenye shaka ya chakula mara nyingi ndio wanaonenepa. Unga, sukari na mafuta ndivyo vinavyoshibisha kwa bei ndogo, kule kama hapa.

Kwa hiyo mama asilaumiwe. Mwaka 2023, unga wa Zambia ulipokuwa haba, bei ya mfuko ilipanda sana Lubumbashi. Ni nani aliyebaki na pesa ya samaki? Lakini wewe baba, pesa ya chakula uigawe mpaka mwisho wa mwezi, na hesabu ya bia uifanye nyuma. (Najua wengine watafunga gazeti hapa.)

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu. Akipita hapo, mwendelee kumnyonyesha, na katika uji mtie karanga zilizotwangwa, unga wa ndakala, kijiko cha mafuta. Awe na sahani yake mwenyewe, maana akila pamoja na kaka zake hashindi. Tukipima mkono wake kwa utepe na kukuta chini ya milimita 115, anaanza matunzo siku ileile.

Mama wanene, leteni watoto. Wanaonong'ona nitawahamisha kwenye benchi la nje, juani.