‘Damu iko sawa’ haimtoshi mjamzito wa Rabai

Mama akidungwa kidole kliniki na kuambiwa “damu iko sawa”, anarudi nyumbani roho safi. Lakini kipimo hicho husoma hemoglobini tu, yaani kama ana upungufu wa damu. Hakisemi lolote kuhusu chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Na hakuna kujifungua bila kutokwa na damu.

Chembe hizo huhesabiwa kwa mashine, kwenye kipimo kiitwacho hemogramu. Kawaida huwa 150,000 hadi 450,000 kwa kila mikrolita. Karibu mjamzito mmoja kati ya 10 hushuka chini ya hapo, wengi kidogo tu, miezi ya mwisho, bila madhara. Kwa hivyo ukiona namba imeshuka, usipaniki.

Usilale pia. Huku Pwani, malaria hushusha chembe sahani. Dengue nayo vilevile. Hatari zaidi ni presha ya mimba inayoweza kuishia kifafa: ini linaumia na chembe zinaporomoka. Malaria hutibiwa kwa dawa. Presha kali huenda ikalazimu mtoto azaliwe mapema. Ndiyo maana namba peke yake si jibu. Isomwe pamoja na presha, mkojo na kipimo cha malaria. Wakati mwingine chembe hushikana ndani ya chupa ya sampuli na mashine ikahesabu pungufu, basi kurudia kipimo si kupoteza wakati.

Zikishuka chini ya 50,000, upasuaji unakuwa na hatari kubwa ya kuvuja damu. Kujua hilo wiki mbili mapema si sawa na kulijua saa nane usiku, uchungu umeshika na gari la kwenda Mombasa bado linatafutwa.

Mtoto akitoka, mambo hayajaisha. Presha hii inaweza kuanza hata baada ya kujifungua. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na kama chembe zilikuwa chini, omba zipimwe tena unapompeleka mtoto chanjo ya wiki sita. Zikibaki chini, huenda si mimba iliyozishusha. Sababu nyingine itafutwe.

Swali kwa kaunti ya Kilifi ni moja: mama wa Ruruma au Mwawesa atasafiri umbali gani, na kwa pesa ngapi, kuifikia mashine hiyo?